Skrini Mbili, Oda Hazichanganyikani: Kiprogramu Kidogo cha Bure kwa Muuzaji wa Mtandaoni

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wanadhani ni cha watu wa benki na maofisi makubwa: kutumia skrini mbili kwenye kompyuta moja.

Kabla hujasema "hiyo si ya kwetu", jibu swali hili. Kwa oda moja tu, unahama dirisha mara ngapi? Hebu tuhesabu. Mteja anaandika WhatsApp, unasoma. Unafungua daftari la mauzo kwenye Excel kuona kama mzigo upo. Unarudi WhatsApp kumwambia upo. Anauliza bei, unafungua orodha ya bei. Unarudi kumjibu. Analipa, unaangalia simu kama hela imeingia. Unarudi kwenye daftari kuandika "amelipa". Hapo ushahama mara sita, na ni mteja mmoja. Siku ya wateja 20 ni mara 120. Kila ukihama, macho yanaacha kitu kimoja na kichwa kinabeba namba kupeleka kwingine. Namba zinadondokea hapo katikati.

Mimi nauza dagaa, migebuka mikavu na asali, nikiwa hapa Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi. Wateja wangu wako Mpanda, Tabora na Dar, na wachache wako Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo. Mzigo ukitoka hapa una safari ya zaidi ya kilomita 100 mpaka Mpanda mjini, halafu ndio upande basi au treni kuendelea. Gunia likienda kwa mtu asiye wake, kulirudisha ni nauli juu ya nauli, na dagaa huko njiani wanavunjika na kuwa unga. Mteja naye keshakasirika.

Kuna jirani yangu wa biashara hapa mwaloni yalimkuta. Ana wateja wawili wa Tabora, na wote kwenye simu amewahifadhi kwa jina moja: "Mama Dagaa Tabora". Mmoja kalipa, mwingine alikuwa anauliza bei tu. Jirani akasoma malipo kwenye simu, akafungua daftari, akaandika "amelipa" kwenye mstari wa yule wa pili. Mzigo ukaenda kwa aliyekuwa anauliza bei. Aliyelipa akakaa siku nne anasubiri, siku ya tano akaanza kuandika kwenye magrupu kwamba huyo ni tapeli. Jirani si tapeli, ni mtu mwaminifu kabisa. Ila sifa ya uaminifu mtandaoni inajengwa kwa miaka na inabomoka kwa posti moja.

Kama mazungumzo ya mteja na mstari wake wa daftari vingekuwa mbele ya macho kwa pamoja, namba ya simu ingeonekana haifanani, na kosa lisingevuka. Kazi ya skrini ya pili ndiyo hiyo. Wala sio mbwembwe.

UNACHOHITAJI

1. Laptopu uliyonayo. Angalia pembeni ina tundu gani. Nyingi zina HDMI. Za zamani zina VGA, lile tundu pana lenye matundu madogo 15, mara nyingi rangi yake ni bluu.

2. Monita moja iliyotumika. Haihitaji kuwa mpya wala kubwa. Monita nyingi za mtumba zina VGA. Kama laptopu yako ina HDMI peke yake, utahitaji kifaa cha kugeuza HDMI kwenda VGA. Muulize muuzaji kabla hujalipa, na ikiwezekana nenda na laptopu yako, chomeka palepale, iache iwake angalau robo saa. Angalia kama kuna mistari, madoa meusi, au kama inazima yenyewe.

3. Umeme. Hapa wengi wanaogopa Luku. Tupige hesabu. Monita ya LED ya inchi 19 inakula wati 20 hivi. Ukiiwasha saa 8 kwa siku, ni wati-saa 160. Uniti moja ni 1,000. Kwa hiyo uniti moja inakwenda siku 6 hivi. Monita za zamani zaidi zinaweza kula mara mbili ya hapo, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma. Ukitumia sola ndogo, fanya hesabu hiyo kabla ya kununua, maana betri haisamehi.

Mama mmoja jirani alipoona monita mezani kwangu aliniuliza, "Mwanangu, hii TV ya pili ya nini na moja hujaimaliza?" Nikamjibu, "Mama, ile ni mdomo, hii ni daftari." Alicheka, lakini ndio maana yake hasa: skrini moja ya kuongea na wateja, nyingine ya kuandika na kuhakiki.

KUUNGANISHA: DAKIKA TANO

Chomeka waya, washa monita. Kwenye kibodi, shikilia kitufe cha Windows kisha bonyeza P. Zitatokea chaguo nne. Kwa kuwa kompyuta nyingi huku kwetu zimewekwa Kiingereza, nazitaja kama utakavyoziona:

"PC screen only": laptopu peke yake.
"Duplicate": skrini zote mbili zinaonyesha kitu kilekile.
"Extend": skrini ya pili inakuwa meza ya ziada, kila moja na mambo yake.
"Second screen only": monita peke yake.

Chagua "Extend". Basi.

Tahadhari na "Duplicate". Kama unauza dukani na monita inawatazama wateja, kila unachofungua nao wanakiona. Kijana mmoja hapa kwetu alifungua orodha ya bei ya kununulia huku mteja wa jumla amesimama mbele yake. Mteja akasoma faida yote, na bei ya siku hiyo ikaanza kujadiliwa upya. Mbali na bei, kuna majina na namba za simu za wateja wako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya mtu ni taarifa yake, sio pambo la dukani. Geuza monita ikutazame wewe.

Baada ya hapo bofya kulia sehemu tupu ya skrini, ingia "Display settings". Utaona maboksi mawili, 1 na 2. Yavute yakae kama skrini zilivyokaa mezani: kama monita iko kushoto kwa laptopu, na boksi lake liwe kushoto. Usipofanya hivyo, mshale wa mausi utakuwa unatokea upande usioutarajia, na utachoka siku ya kwanza tu.

IPI IWE SKRINI KUU?

Watu wengi wanaifanya monita kuwa skrini kuu kwa sababu ni kubwa. Kwa mazingira yetu, mimi nasema hapana. Skrini kuu iwe laptopu, na sababu ni moja tu: laptopu ina betri.

Umeme ukikatika, monita inazima papo hapo na laptopu inabaki. Ukiwa na WhatsApp na uhakiki wa malipo kwenye laptopu, unaendelea kumjibu mteja kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwa umeviweka kwenye monita, mteja yuko katikati ya kulipa na wewe uko gizani.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu:

Laptopu: WhatsApp ya kwenye kompyuta, na simu imelala pembeni yake kwa ajili ya ujumbe wa malipo.
Monita, nusu ya kushoto: daftari la oda.
Monita, nusu ya kulia: orodha ya bei na mzigo uliopo.

Kugawa monita nusu kwa nusu ni rahisi. Bofya dirisha, shikilia kitufe cha Windows, bonyeza mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha linakaa nusu yake lenyewe.

Orodha ya bei kuwa wazi muda wote ina maana kubwa kwa sisi wa ziwani. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho ukiwa na akiba, bei ya wiki iliyopita si bei ya leo. Muuzaji anayejibu bei kwa kumbukumbu ya kichwa anaweza kuuza chini ya alichonunulia, halafu akaona aibu kumrudia mteja. Bei ikiwa mbele ya macho, unaisoma kama ilivyo.

Jambo lingine kuhusu WhatsApp ya kwenye kompyuta: ukishaiunganisha, haihitaji simu iwe hewani muda wote. Unaweza kuunganisha hadi vifaa 4 na simu moja, ila simu yenyewe isikae siku 14 bila kuitumia WhatsApp, vinginevyo vifaa vinajitoa. Kwa hiyo simu ikiisha chaji, kazi inaendelea.

KIPROGRAMU CHENYEWE

Sasa tuje kwenye kero. Skrini mbili zina tabia ya kuvurugika. Ukichomoa waya ili ubebe laptopu kwenda nyumbani, kesho ukirudisha unaweza kukuta skrini kuu imehamia monita, kushoto imekuwa kulia, maandishi yamevimba. Dirisha lingine limejificha mahali hulioni. Unapoteza dakika kumi asubuhi, muda ambao wateja wengi ndio wanaandika.

Kuna kiprogramu kinaitwa MultiMonitorTool, kimetengenezwa na Nir Sofer wa NirSoft. Ni cha bure, hakifiki hata MB 1, na hakihitaji kusakinishwa. Unapakua faili la zipu, unalifungua, unalihifadhi kwenye folda, unabofya mara mbili, kinafunguka. Bando halitasikia kitu. Pakua kwenye tovuti ya NirSoft yenyewe, sio kwenye linki ya grupu la WhatsApp. Kompyuta nyingi za sasa zinatumia kilichoandikwa x64.

Ukikifungua utaona sehemu mbili. Juu ni orodha ya skrini zako: ukubwa, mahali zilipo, ipi ni kuu. Chini ni orodha ya madirisha yaliyo wazi. Kinakusaidia mambo matatu.

La kwanza, kuhifadhi mpangilio. Panga skrini zako vizuri mara moja, kisha kwenye menyu ya "File" hifadhi mpangilio wa monita kama faili. Lipe jina, mfano dukani.cfg. Siku mambo yakivurugika, unarudisha faili hilo na skrini zinakaa zilivyokuwa.

La pili, kurudisha kwa kubofya mara mbili. Bofya kulia sehemu tupu ya skrini, chagua "New" halafu "Shortcut". Tuseme umeweka kiprogramu na faili lako kwenye folda ya C:\Zana. Andika hivi:

C:\Zana\MultiMonitorTool.exe /LoadConfig C:\Zana\dukani.cfg

Ipe jina "Fungua duka". Kila asubuhi ukishachomeka waya, bofya hapo mara mbili. Hata msaidizi wako ambaye hajui kompyuta sana ataweza.

La tatu, kutafuta dirisha lililopotea. Kwenye ile orodha ya chini utaliona jina lake. Bofya kulia, lihamishe kwenda skrini nyingine. Limepatikana.

Niseme wazi kisichofanyika: faili ulilohifadhi linakumbuka skrini, halikumbuki madirisha. Daftari na WhatsApp utavipanga mwenyewe. Kuna njia ya haraka: shikilia Windows na Shift kwa pamoja, bonyeza mshale wa kushoto au kulia, na dirisha linaruka kwenda skrini ya pili. Hii ipo tayari ndani ya Windows, hupakui chochote. Ukijua hiyo moja tu, umepata nusu ya faida ya somo hili.

Mwenye Windows 11 aangalie pia ndani ya "Display", sehemu ya "Multiple displays". Kuna alama ya kuweka ili kompyuta ikumbuke madirisha yalikuwa skrini gani monita inapochomekwa tena. Iweke.

Nikiulizwa kuhusu PowerToys ya Microsoft: nayo ni ya bure na ni nzuri. Ndani yake kuna kitu kinaitwa FancyZones, unachora vyumba kwenye skrini na kila dirisha linaingia chumba chake. Ila kuipakua ni mamia ya MB. Kwa bando letu, anza na kidogo. Ukiona kazi imekua, panda ngazi.

UMEME UKIKATIKA, FANYA HIVI

Monita ikizima ghafla, wakati mwingine laptopu inaendelea kudhani monita bado ipo. Daftari lako linakuwa wazi lakini kwenye skrini iliyokufa. Usiogope, na usizime kompyuta kwa nguvu.

Bonyeza Windows na P, chagua "PC screen only". Madirisha yote yanarudi kwenye laptopu. Kwa kuwa umefanya laptopu kuwa skrini kuu, zile chaguo zitatokea hapo hapo unapoziona. Halafu bonyeza Ctrl na S kwenye daftari ili lihifadhi. Umeme ukirudi, Windows na P tena, "Extend", kisha bofya "Fungua duka".

Na kabla ya hapo, monita ichomeke kwenye plagi yenye kinga ya umeme. Unaporudi kwa kishindo, ndio vitu vinaungua.

UTARATIBU WA ODA KWA SKRINI MBILI

Vifaa peke yake havizuii kosa, utaratibu ndio unaozuia. Mimi nafuata hatua nne, na kijana anayenisaidia nimembandikia ukutani:

1. Mstari kwanza. Mteja akisema anataka, fungua mstari wake kwenye daftari kabla hujamtajia jumla. Andika namba ya simu, sio jina. Majina yanafanana, namba hazifanani.

2. Bei isomwe, isikumbukwe. Macho yaende kulia kwenye orodha, ndipo uandike.

3. Malipo yahakikiwe kwenye ujumbe ulioingia kwenye simu yako mwenyewe. Picha ya muamala anayokutumia mteja sio malipo. Linganisha vitu vitatu: namba, jina na kiasi. Ukiona vimeoana na mstari, andika "amelipa".

4. Kabla ya kufunga gunia, mpigie picha mteja, zikionekana namba za mwisho za simu yake ulizoandika juu ya gunia, umtumie. Akijibu "sawa", ndio gari lipakie.

Hatua hizi zinawezekana hata kwa skrini moja, lakini kwa skrini moja watu wanazichoka kwa sababu ya kuhamahama, na siku ya haraka wanaziruka. Kwa skrini mbili, kuhakiki ni kugeuza shingo tu.

NANI ASINUNUE?

Nisiwe mtu wa kukuingiza gharama. Kama unapata oda tatu kwa siku, simu na daftari la karatasi vinatosha, hela ya monita ongezea mzigo. Kama laptopu yenyewe inazimazima, tengeneza hiyo kwanza. Na kama huna laptopu, usikope ili ununue zote mbili.

Kama una laptopu na bado hujui kama skrini mbili zitakufaa, jaribu bila kununua kitu. Gawa skrini yako hiyo moja: Windows na mshale wa kushoto kwa WhatsApp, Windows na mshale wa kulia kwa daftari. Fanya kazi hivyo wiki nzima. Kila jioni hesabu oda zilizokuwa na utata: bei iliyorudiwa, jina lililochanganywa, malipo yaliyotafutwa. Ukiona utata umepungua lakini nafasi inakubana, hapo monita itakulipa. Ukiona hakuna tofauti, umeokoa hela yako.

Sisi wa Karema, Ikola, Kirando na miji mingine midogo, mteja wa Dar hatuoni, hatumjui, na hatatembelea duka letu. Anachojua kuhusu wewe ni kwamba alichoagiza ndicho kilichofika, kwa bei uliyosema, kwa jina lake. Ukimpa hicho mara tatu mfululizo, ya nne analeta na shoga yake.

Hifadhi posti hii, mtumie mwenzako anayelalamika oda zinamchanganya. Na wewe kwenye maoni tuambie: unauza nini, na kwa siku unahama madirisha mara ngapi? Mwenye swali la waya au tundu la laptopu yake aweke picha, tutasaidiana.

Biashara njema, wakuu.